Bomba la Chongoleani limewekewa vikwazo au halikuwekewa? Tujadili sheria na ubavu wa uchumi

#1 MwanaChongoleani

Habari za jioni, ndugu zangu. Jana baada ya swala ya isha, barazani kwetu Ngamiani, wazee wawili walibishana mpaka kahawa ikapoa. Mmoja alisema bomba la mafuta ghafi linalotoka Hoima, Uganda, na kuishia kwetu Chongoleani limewekewa vikwazo na Ulaya. Mwenzake akajibu kwamba hakuna vikwazo vyovyote, kwa sababu vikwazo ni jambo la sheria, na hakuna sheria iliyotungwa kulizuia.

Nimelala na jambo hilo na bado halijanitoka. Tarehe 15 Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio lililoitaka TotalEnergies, kampuni ya mafuta ya Ufaransa inayoongoza mradi huo, isubiri mwaka mmoja ili ichunguze njia nyingine ya kupitisha bomba. Azimio hilo halikumfunga mtu. Hata hivyo, benki nyingi kubwa za Ulaya na Marekani zilitangaza kuwa hazitaukopesha mradi, na ilikuwa Machi 2025 ndipo awamu ya kwanza ya mkopo kutoka nje ilipotangazwa kukamilika, Afreximbank na Standard Bank ya Afrika Kusini zikiwa miongoni mwa wakopeshaji. Bomba lina urefu wa kilomita 1,443, na kilomita 1,147 kati ya hizo zimo katika ardhi yetu, kwa hiyo hili si jambo la mbali kwa mtu wa Tanga.

Naomba mnisaidie. Nchi au kundi la nchi likimnyima mwenzake mkopo, soko au bima bila kutunga sheria ya kumzuia, je, hivyo si vikwazo? Na mwenye haki ya kuviweka ni nani hasa?

#2 Wakili_Chumbageni

Ahsante kwa mada. Tutenganishe mambo mapema kabla hayajachanganyika. Vikwazo vinavyozifunga nchi zote vinatoka mahali pamoja, nako ni kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likitumia Ibara ya 41 iliyomo katika Sura ya Saba ya Mkataba wa Umoja huo. Ibara hiyo inaliruhusu Baraza kuagiza uhusiano wa kiuchumi ukatwe, pamoja na mawasiliano ya reli, bahari, anga, posta na simu, bila kutumia silaha. Na Ibara ya 25 ndiyo inayotulazimisha sisi wanachama kutekeleza.

Nchi ikiweka vikwazo peke yake, inawafunga raia wake, kampuni zake na mali iliyomo ndani ya mipaka yake. Azimio la Bunge la Ulaya alilolitaja mleta uzi ni maoni. Benki iliyokataa kukopesha imetumia hiari yake, kama mimi ninavyoweza kukataa kumkopesha jirani yangu. Kwa maoni yangu mzee wa pili ndiye aliyesema sawa.

#3 MzeeWaMkonge

Wakili, mwanangu, uliyoyasema yameandikwa na sina ugomvi na maandishi. Lakini mimi nina umri wa kukumbuka vikwazo vilivyokuwa na kila ibara unayoitaka, na bado havikushika. Ian Smith, waziri mkuu wa walowezi weupe wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, alipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Umoja wa Mataifa uliiwekea nchi hiyo vikwazo vya lazima mwaka huohuo. Marehemu baba yangu aliacha kuendesha trekta katika shamba la mkonge kule Muheza akaenda kuendesha lori la mapipa ya mafuta kwenda Zambia, kwa sababu mafuta ya Zambia yalikuwa yakipitia Rhodesia, na aliyekatikiwa alikuwa Zambia. Nikiwa mtoto nilijua amerudi kwa kuona vumbi jekundu kwenye nyusi zake.

Rhodesia yenyewe iliendelea kupata mafuta kupitia Afrika Kusini na Msumbiji ya Wareno. Mwaka 1971 Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyoruhusu madini ya kromi ya Rhodesia kununuliwa, ilhali azimio la Baraza la Usalama lilikuwa likikataza, na hakuna aliyeiadhibu Marekani. Sisi tuliokuwa hatuna kitu ndio tuliogharimika. Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza Desemba 1965 kwa ajili ya Rhodesia, na mkopo wa pauni milioni 7.5 ukapotea. Niambie, mwanangu, katika hadithi hiyo sheria ilikuwa imekaa upande gani?

#4 Binti_Pangani

Shikamoo, mzee wangu. Naomba kusahihisha jambo moja kwa heshima. Novemba 1965 Baraza la Usalama liliziomba tu nchi zikate biashara na Rhodesia. Vikwazo vya lazima vilikuja kwa azimio namba 232 la Desemba 1966, tena kwa baadhi ya bidhaa tu, na vikawa vya jumla kwa azimio namba 253 la Mei 1968. Tofauti hiyo ni kubwa kwa hoja yako, kwa sababu ina maana Smith alipewa zaidi ya miaka miwili ya kujipanga.

Kuhusu swali lenyewe, pwani yetu ilionja jambo hili kabla Umoja wa Mataifa haujazaliwa. Desemba 1888 meli za kivita za Ujerumani na Uingereza ziliuzingira mwambao huu, na tangazo lao lilisema lengo ni kuzuia silaha zisiingie na watumwa wasitoke. Miezi hiyohiyo Abushiri bin Salim na watu wa Pangani, Bagamoyo na kwingineko walikuwa wamewainukia Wajerumani. Sababu iliyoandikwa ilikuwa ya heshima na hakuna ambaye angeweza kuipinga hadharani, lakini mzingiro ulimbana yule aliyekuwa akipigania mji wake. Abushiri alinyongwa Pangani Desemba 1889. Ndiyo maana mimi nikisikia vikwazo natazama kwanza ni nani anazuiwa kupata nini, kisha ndipo nasoma sababu zilizotolewa.

#5 MzeeWaMkonge

Marahaba, binti yangu. Nakubali kusahihishwa, ni Desemba 1966.

#6 Wakala_Bandarini

Mimi ni wakala wa forodha, na jambo hili nimelishika kwa mikono. Mteja wangu wa Muheza aliuza iliki na pilipili manga kwa mnunuzi wa Dubai. Bei ilikubaliwa kwa dola. Hakuna Mmarekani hata mmoja katika biashara ile: mkulima wa Amani, muuzaji wa Muheza, bandari ya Tanga, mnunuzi wa Dubai. Fedha zilisimama wiki sita.

Baada ya barua nyingi tuliambiwa kwamba jina la meli iliyobeba kontena lilifanana na jina la meli nyingine iliyomo katika orodha ya vikwazo ya Hazina ya Marekani. Tukapeleka namba ya usajili ya meli, ile yenye tarakimu saba ambayo haibadiliki hata meli ikibadili jina na bendera, tukapeleka hati ya shehena, tukapeleka cheti cha uasili. Fedha zikaachiliwa, bila maelezo wala pole. Mkulima aliyekuwa akisubiri malipo yake alikuwa ameshauza mbuzi wawili ili alipe ada ya shule. Ninachojua ni kwamba fedha zote hizi hupita SWIFT, na mwenye SWIFT ndiye mwenye dunia.

#7 Keshia_Mstaafu

Pole sana, ndugu yangu Wakala. Nimefanya kazi benki miaka thelathini, na naomba nieleze hapo mwishoni, kwa kuwa wengi tunapotea papo hapo. SWIFT haihamishi fedha. Ni mtandao wa kupelekeana ujumbe baina ya mabenki, na makao yake yako La Hulpe, Ubelgiji, ndiyo maana Machi 2012 benki za Iran zilipokatwa humo, ilikuwa ni kwa kufuata kanuni ya Umoja wa Ulaya.

Dola ni habari nyingine. Benki yetu ya hapa haina dola ndani ya kabati. Ina akaunti katika benki kubwa ya Marekani, na benki ya Dubai nayo vivyo hivyo. Mnunuzi anapomlipa muuzaji, kinachotokea ni tarakimu kupungua katika akaunti moja na kuongezeka katika nyingine, na yote hayo hutokea New York. Kwa hiyo malipo ya iliki ya Amani yaligusa ardhi ya Marekani kwa dakika chache, na dakika hizo zinatosha kwa sheria ya Marekani kuyakamata. Wakili alisema vikwazo vya nchi moja vinafunga yaliyomo ndani ya mipaka yake. Ni kweli, lakini mipaka hiyo imo ndani ya kila malipo ya dola.

Mwaka 2014 benki ya Ufaransa, BNP Paribas, ilikiri makosa na kukubali kulipa Marekani karibu dola bilioni 9 kwa miamala iliyohusu Sudan, Iran na Cuba. Tangu hapo hakuna karani wa benki anayetaka kuwa mtu wa kwanza kuuliza kama meli ile ni ile. Yeye husimamisha tu. Kwa maoni yangu kilichomsimamisha mkulima wa Amani ni hofu ya karani. Sheria haikuwa na neno naye.

#8 Salma_Makorora

Maneno ya Keshia yamenigusa. Kaka yangu yuko Muscat na kila mwezi hutuma fedha za matibabu ya mama. Safari moja zilizuiwa siku ishirini na mbili. Nilipofuatilia nikaambiwa kuwa jina lake linafanana na la mtu aliyemo katika orodha ya magaidi. Jina lake ni majina matatu ya kawaida kabisa ya Kiislamu, ambayo ukiyaita kwa sauti pale Barabara ya Ishirini watageuka watu kumi. Alitakiwa alete pasipoti, cheti cha kuzaliwa na barua ya mwajiri, nami nikatakiwa nipeleke kitambulisho cha taifa pamoja na maelezo ya uhusiano wetu. Dawa za mama tulikopa kwa jirani.

Swali langu kwa Wakili ni rahisi. Mtu ambaye ni kweli yumo katika orodha hizo, au anayedhaniwa kuwa yumo, anakwenda mahakama gani kujitetea?

#9 Wakili_Chumbageni

Pole, dada Salma, na mama apate afya. Swali lako liliwahi kutikisa Ulaya nzima. Mfanyabiashara wa Saudi Arabia, Yassin Kadi, aliingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa Oktoba 2001, na mali zake zikazuiwa bila kuambiwa ushahidi wala kupewa nafasi ya kusikilizwa. Alishitaki Ulaya, pamoja na taasisi ya Al Barakaat iliyokuwa ikiwatumia Wasomali fedha kutoka Sweden. Tarehe 3 Septemba 2008 Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua kwamba kanuni iliyozuia mali zao ilivunja haki yao ya kusikilizwa, hata kama chimbuko lake lilikuwa Baraza la Usalama. Mwaka uliofuata Baraza likaanzisha ofisi ya mtu huru wa kupokea malalamiko ya walioorodheshwa katika orodha ya Al-Qaida, na Kadi akaondolewa mwaka 2012.

Lakini kaka yako hakuorodheshwa; amefanana jina tu. Mahakama ya kumsikiliza mtu aliyefanana jina sijaiona popote, na ninakiri kuwa hapo hoja yangu ya jana, kwamba benki inatumia hiari yake tu, inapungua nguvu.

#10 Mjukuu_wa_Nahodha

Wakili ameanza kulegea, tumsukume kidogo. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli za mafuta za Iran zinapeperusha bendera ya Tanzania kupitia usajili wa Zanzibar. Mbunge mmoja wa Marekani, Howard Berman, alimwandikia Rais Kikwete barua, na baada ya uchunguzi serikali ikasema meli 36 zilisajiliwa na wakala aliyeko Dubai bila idhini, na usajili huo ukafutwa.

Sasa angalieni sheria. Maazimio ya Baraza la Usalama dhidi ya Iran wakati ule yalihusu nyuklia, silaha na baadhi ya benki na kampuni. Hayakukataza mtu kununua mafuta ya Iran. Waliokataza ni Umoja wa Ulaya, kuanzia Julai 2012, na Marekani kwa sheria zake. Sisi hatumo katika Ulaya wala Marekani, lakini barua moja ya mbunge wa nchi nyingine ilitosha. Marehemu babu yangu aliendesha jahazi kati ya Tanga, Pemba na Mombasa, na alikuwa akisema kwamba bendera ni jina la mwenye chombo. Kama hivyo ndivyo, mwaka ule tuliambiwa na wengine nani aitwe kwa jina letu.

#11 Wakili_Chumbageni

Hapana, kaka, hapa sikubali. Meli zile zilipata bendera kwa njia isiyo halali, na nchi ina haki kamili ya kufuta usajili wa aina hiyo hata isipoandikiwa barua na mtu. Sheria ya bahari, Ibara ya 91 ya mkataba wa mwaka 1982, inataka pawepo uhusiano wa kweli baina ya meli na nchi ya bendera. Niambie uhusiano wa kweli wa meli ya Iran na Malindi ya Unguja ni upi.

#12 Mjukuu_wa_Nahodha

Uhusiano huo haupo, nakubali. Lakini meli za Wagiriki zinazopeperusha bendera ya Liberia na Panama zina uhusiano gani na Monrovia? Mbona hizo hakuna mbunge anayeziandikia barua?

#13 Fundi_Cherehani

Mimi nashona Ngamiani na nitazungumzia nguo. Mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kupunguza mitumba hatua kwa hatua mpaka iishe. Tulifurahi, sisi wa cherehani. Machi 2017 chama cha wauza mitumba wa Marekani kikalalamika kwa serikali yao, ikaanza kuchunguza kama tunastahili kuendelea kuingiza bidhaa kwao bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilishikilia, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa katika msamaha huo.

Hakuna aliyetamka neno vikwazo. Walisema wanaondoa upendeleo. Lakini mimi ninayekaa nyuma ya cherehani nikitazama marobota yakishushwa, sioni tofauti kati ya kunyang'anywa na kuondolewa upendeleo. Mzee wa kwanza wa barazani alisema kweli.

#14 Mwalimu_Lushoto

Nimefuatilia tangu mwanzo na ninawashukuru wote. Fundi ameleta mfano bora kuliko yote, kwa sababu unaonyesha mahali sheria inaponyamaza. Mwaka 1985 Marekani ilikata biashara yote na Nikaragua. Nikaragua ilikuwa imeshaishitaki tangu mwaka 1984 katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki, The Hague, na hukumu ikatoka tarehe 27 Juni 1986. Mahakama iliilaumu Marekani kwa mambo mengi, ikiwemo kutega mabomu katika bandari na kuwasaidia waasi. Ilisema pia kwamba kukata biashara kulivunja mkataba wa urafiki wa mwaka 1956 baina ya nchi hizo mbili. Lakini kuhusu kanuni ya jumla ya kutoingilia mambo ya nchi nyingine, ilisema haiwezi kuona kwamba hatua hizo za kiuchumi zimeivunja. Pasipokuwa na mkataba, nchi hailazimiki kuendelea kufanya biashara na mtu.

Upande mwingine, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitamka mwaka 1970, katika azimio namba 2625, kwamba nchi isitumie hatua za kiuchumi kumlazimisha mwenzake asalimishe haki zake za dola. Na tangu mwaka 1992 Baraza hilo limekuwa likipiga kura ya kulaani marufuku ya Marekani dhidi ya Cuba, marufuku iliyotangazwa mwaka 1962 na ambayo ingalipo. Maazimio hayo hayana meno. Kwa hiyo kuna tamko lisilofunga linalokataza, na kuna hukumu ya mahakama isiyokataza, na Fundi yuko katikati.

#15 Muha_wa_Mikanjuni

Ndugu zangu, naona kila mtu anazungumza kama sisi ni wa kuwekewa tu. Mimi nimekulia Kigoma na nakumbuka siku ambazo sisi ndio tulioweka. Pierre Buyoya alipopindua serikali ya Burundi Julai 1996, viongozi wa nchi jirani walikutana Arusha mwishoni mwa mwezi huohuo wakaiwekea Burundi vikwazo, na Mwalimu Nyerere ndiye aliyekuwa msuluhishi. Baraza la Usalama halikuviweka. Liliunga mkono tu juhudi za kanda. Burundi haina bahari, kwa hiyo kufunga Kigoma na barabara za mpakani kulikuwa sawa na kumshika mtu koo.

Nilikuwa kijana wa miaka kumi na tisa pale bandarini. Chumvi na mafuta ya taa vilipanda bei ng'ambo, na usiku mitumbwi ilivuka na madumu ya petroli. Waliotajirika kwa magendo hayo tuliwajua kwa majina. Wakimbizi niliozungumza nao walinieleza kwamba askari hawakukosa mafuta ya magari yao, ila mama zao walikosa dawa na mbolea. Vikwazo vilisitishwa Januari 1999, na mkataba wa Arusha ukatiwa saini Agosti 2000. Wengine watasema vikwazo ndivyo vilivyomleta Buyoya mezani. Wengine watasema alikuja kwa sababu vita vilimchosha. Nimeishi na swali hilo karibu miaka thelathini. Lakini wakati ule hakuna aliyetuuliza Ibara ya 41, na sisi wenyewe hatukujiuliza.

#16 Wakili_Chumbageni

Ahsante sana, ndugu yangu wa Kigoma. Suala lako lina ibara yake, ni ya 53, inayosema vyombo vya kanda visichukue hatua za nguvu bila ruhusa ya Baraza la Usalama. Wanasheria wanagombana mpaka leo kama kukata biashara ni hatua ya nguvu.

#17 Binti_Pangani

Wakili, nadhani hata samaki pale Deep Sea unamuuliza ibara kabla hujampeleka jikoni. Lakini nakushukuru, maana bila wewe tungekuwa tunabishana gizani.

Muha, uliyoyaandika yamenifanya nifikiri tena. Mimi nilikuwa upande wa wanaoona vikwazo kuwa silaha ya wakubwa dhidi yetu. Iraki iliwekewa vikwazo Agosti 1990 kwa azimio namba 661, kwa sheria iliyokamilika kila upande, na mateso ya raia yakawa makubwa hata Baraza lenyewe likalazimika kuanzisha mpango wa mafuta kwa chakula, ambao shehena zake za kwanza za mafuta zilitoka Desemba 1996. Burundi iliwekewa na majirani bila azimio, na aliyeumia ni yuleyule. Basi huenda swali la mleta uzi, sheria au ubavu, halimsaidii yule mama aliyekosa dawa.

#18 Msomi_Raskazone

Naomba kutofautiana na wengi. Tumeingiza kila kitu katika kapu la vikwazo. Benki zilizokataa bomba la Chongoleani zina wanahisa na wateja wanaodai zisikopeshe miradi ya mafuta kwa sababu ya hali ya hewa, na pia kulikuwa na malalamiko ya fidia ya ardhi na hofu juu ya maeneo ya wanyama yanayopitiwa. Benki hizohizo zimeshinikizwa vivyo hivyo kuhusu miradi ya mafuta na makaa ya mawe nchini kwao. Huo ni ushindani wa hoja, na sisi tulikuwa na nafasi ya kujibu kwa hoja zetu. Tukiita kila kukataliwa mkopo kuwa ni vikwazo, siku tutakapowekewa vikwazo vya kweli hatutakuwa na neno la kuvitaja.

#19 MwanaChongoleani

Msomi, neno hilo ndilo nililotaka kurudi kwalo. Kikwazo kwa Kiswahili chetu kinatokana na kukwaa. Ni jiwe au kisiki kinachomkwaza mtu njiani, na mtu akijikwaa huku hajui jiwe limewekwa au lilikuwepo tangu zamani, maumivu ya kidole ni yaleyale. Sheria inauliza aliyeliweka, lakini neno letu halimuulizi. Labda wazee wa barazani walikuwa wakibishana juu ya neno lenye vyumba viwili, kila mmoja amekaa chake.

Naongeza mfano mmoja. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa katika orodha ya nchi zinazofuatiliwa kwa karibu na FATF, kikosi cha kimataifa kinachopambana na fedha haramu, ikatoka Juni 2025. Kikosi hicho si chombo cha Umoja wa Mataifa wala hakitokani na mkataba. Keshia, uliona tofauti yoyote wakati huo?

#20 Keshia_Mstaafu

Nilikuwa nimeshastaafu, lakini wenzangu waliobaki walinieleza kwamba maswali kutoka benki za nje yaliongezeka na malipo ya kawaida yalichukua siku zaidi. Niseme na upande wa pili, ili nisimwonee mtu: baadhi ya kasoro zilizotajwa zilikuwa za kweli, na kuzirekebisha kumetufaa wenyewe.

Lililonishitua zaidi ni la Februari 2022, pale akiba ya Benki Kuu ya Urusi yenye thamani ya takribani dola bilioni 300 ilipozuiwa na nchi za G7, lile kundi la nchi saba tajiri, na Umoja wa Ulaya, sehemu kubwa ikiwa imehifadhiwa Euroclear, taasisi ya kutunza dhamana iliyoko Ubelgiji. Kwa kizazi changu cha mabenki, akiba ya benki kuu ilikuwa kitu kisichoguswa. Nikaelewa kwa nini Benki Kuu yetu imekuwa ikinunua dhahabu ya hapa nchini, na kwa nini tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza dhahabu nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili ya kusafishwa na kuuzwa humu ndani.

#21 Msomi_Raskazone

Hapo, mzee wangu, umeunganisha mambo mawili yasiyo na uhusiano uliothibitishwa. Tulikuwa na uhaba wa dola mwaka 2023, na dhahabu inanunuliwa kwa shilingi. Sababu hiyo peke yake inatosha bila kuileta Urusi.

#22 Keshia_Mstaafu

Inawezekana. Sababu mbili zinaweza kukaa nyumba moja.

#23 MzeeWaMkonge

Nimesoma yote, wanangu. Mkonge ulifika hapa Tanga mwaka 1893, na kwa miaka mingi bei yake ilipangwa London kabla shamba halijajua. Uzi wa plastiki ulipokuja, mashamba yakafa bila azimio na bila mbunge kuandika barua. Mwaka 1965 Ujerumani Magharibi ilituondolea msaada wa kijeshi kwa sababu tuliwaruhusu Wajerumani Mashariki kuwa na ofisi ya kikonseli, na Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine yote. Baba yangu alilisimulia hilo kwa fahari mpaka alipofariki, na vilevile alisimulia alivyolala chini ya lori lake siku tatu pale Mikumi akisubiri tairi. Yote mawili yalikuwa kweli kwake.

#24 Mjukuu_wa_Nahodha

Mzee, Mungu amrehemu baba yako. Kabla uzi haujalala nina swali la mbele yetu. Desemba 2022 nchi za G7 zilipotaka mafuta ya Urusi yasiuzwe kwa zaidi ya dola 60 kwa pipa, hawakutumia meli za kivita. Walitumia bima: meli inayobeba mafuta yaliyouzwa kwa bei ya juu ya hapo ilikatazwa kupata bima na huduma za kampuni za kwao, na vyama vya bima vinavyokinga sehemu kubwa ya meli za dunia vipo kwao, hasa London. Bandari nayo haipokei meli kubwa ya mafuta isiyo na bima ya kumwagika kwa mafuta, na haistahili kuipokea, kwa sababu sisi wavuvi ndio tutakaokaa na lami ufukweni.

Je, meli zitakazokuja kupakia Chongoleani zitakatiwa bima wapi? Na huyo mwenye bima akikataa siku moja kwa sababu yoyote ile, tutamjibu kwa ibara gani?

#25 Wakala_Bandarini

Swali hilo nitalipeleka kwa wenzangu wa ofisi ya meli Jumatatu. Dada Salma, fedha za kaka yako siku hizi zinafika?

#26 Salma_Makorora

Zinafika, alhamdulillahi. Ila sasa anatumia majina manne na jina la babu yetu mzaa mama, na kila mwezi kabla hajatuma hunipigia kwanza tuyahakiki herufi kwa herufi.